Umeitwa kubadilisha soketi, umekuta ethi ya nyumba ni mbovu: fanya hivi

Maswali ni yaleyale. "Nimeenda kufunga hita ya shawa, bomba halina waya wa ethi, nifunge tu?" "Nimekuta waya wa kijani-njano umekatika nyuma ya sinki, niuunge?" "Mama mwenye nyumba anasema koki ya nje inamchoma vidole, lakini mimi nimeitwa soketi. Inanihusu?"

Inakuhusu. Soketi unayofunga leo, hata ukiifunga kwa ustadi wote, itategemea ethi uliyoikuta. Kama ethi hiyo imeoza, umeuza soketi yenye tundu la tatu la urembo. Na kama umeunga bomba kwenye ethi iliyooza bila kuikagua, unaweza kuiacha nyumba ikiwa na hatari kubwa kuliko ulivyoikuta. Hilo la pili wengi hawalijui, nami nitalikazia huko mbele.

Huu ni mwongozo wa fundi anayeanza, anayefanya kazi ndogondogo majumbani: kubadilisha soketi, kuongeza taa, kufunga hita ya shawa, kuunga pampu ya maji. Tanzania kazi hizi zinahitaji leseni ya EWURA, Kenya ni EPRA. Kama leseni bado huna, fanya kazi chini ya mtu aliye nayo. Wewe mpangaji uliyefika hapa kwa sababu bomba linakupiga shoti: hatua ya 1 hadi ya 3 unaweza kuzifuata kwa macho na kwa kidole kwenye kitufe cha RCD (kifaa kinachokata umeme kikihisi umevuja), basi. Usifungue kifuniko chochote.

Nadharia, kidogo tu

Waya wa ethi unachukua umeme uliovuja kwenye mwili wa kifaa na kuupeleka kwenye fimbo iliyopigwa ardhini. Bondingi ni waya unaofunga vyuma ambavyo si vya umeme, hasa mabomba ya maji na ya gesi, pamoja na ethi hiyo, ili vitu viwili ambavyo mtu anaweza kuvishika kwa pamoja visiwe na volti tofauti.

Kisha hesabu moja ambayo kila fundi aijue. Nyumba nyingi za kwetu zinategemea fimbo yake yenyewe. Tuseme fimbo ina ukinzani wa omu 50. Friji ikivujisha laivu, yaani waya wenye moto, kwenye mwili wake, umeme unaopita ni volti 230 gawa kwa 50, yaani ampea 4.6. Breka ya ampea 20 haina habari. Itakaa hivyo mchana na usiku, mwili wa friji ukiwa na karibu volti 230, na LUKU ikila kama uniti 25 kwa siku. Ili breka ya ampea 32 ya aina B ikate papo hapo, inahitaji ampea 160, yaani njia nzima ya umeme ule isizidi omu 1.4 hivi. Fimbo moja kwenye udongo wa kawaida haifiki huko. Kwa hiyo kwenye nyumba ya fimbo, kinachokata umeme uliovuja ni RCD. Breka inalinda waya usiungue, haimlindi mtu aliyeshika friji.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Testa ya ncha mbili, au maltimita inayoaminika. Testa ya bisibisi yenye kitaa iache kwenye mkoba. Nitaeleza sababu mwishoni.
- Kipimo cha ethi au cha lupu (njia nzima ya umeme uliovuja). Ni ghali, lakini kinaazimika au kukodishwa. Bila hicho hupimi fimbo, unaikisia.
- Waya mrefu wa kupimia, mita 15 au 20, wenye klipu za mamba.
- Waya wa shaba wa kijani-njano wa 10 mm², na wa 4 mm² kwa ajili ya bafuni.
- Klampu za bomba za shaba nyeupe au njano zinazolingana na mabomba, zile zenye kibao cha kuonya zisiondolewe. Lagi za shaba (vichwa vya kubania kwenye ncha za waya) na koleo lake la kubania.
- Brashi ya waya na msasa.
- RCD ya miliampea 30, ya nguzo mbili (inayokata laivu na nyutro, waya wa kurudi, kwa pamoja), yenye ampea zisizopungua meni swichi.
- Kufuli au hata selotepu na karatasi ya "USIWASHE".
- Kitabu cha risiti na simu ya kupigia picha.

Hatua ya 1. Uliza kabla ya kufungua chochote

Wenye nyumba wanajua mengi ila hawajui kwamba ni ya umeme. Waulize: Kuna koki, sinki au friji inayochoma vidole, hasa mkiwa peku? Uniti zinaisha haraka kuliko zamani? Fundi bomba amewahi kubadilisha mabomba? Kuna betri, inveta, sola au jenereta? Na swali la mwisho, kwa upole: fundi aliyepita alitoa kitu chochote kwa sababu "kilikuwa kinazimazima umeme"?

Swali la fundi bomba ni muhimu kuliko linavyosikika. Nyumba nyingi za zamani, Upanga, Tanga mjini, Mombasa, zilikuwa na mabomba ya chuma, na watu wakayatumia hayohayo kama ethi. Halafu bomba la chini lilipooza, fundi akaweka kipande cha plastiki mita mbili. Maji yanapita vizuri, ethi imekufa, na hakuna aliyejua. Bomba la maji halikupaswa kuwa ethi tangu mwanzo. Ukikuta nyumba ya namna hiyo, anza na fimbo.

Hatua ya 2. Ifuate ethi kwa macho, kutoka DB hadi ardhini

Tafuta waya mkuu wa ethi unaotoka kwenye DB (sanduku la breka) na uufuate hadi kwenye fimbo. Utakutana na mojawapo ya haya:

Waya unaingia kwenye zege na kupotea. Chimba kidogo utafute fimbo. Kama huioni, hesabu kwamba haipo mpaka kipimo kiseme vingine.

Fimbo ipo, klampu imeota kutu ya kijani. Pwani ndiyo kawaida. Kigamboni na Mbezi ya baharini chumvi inakula viungio upesi sana.

Fimbo ipo lakini imetokeza nusu nje. Mwanza kwenye mawe utaliona hili sana: fundi amepiga nyundo, fimbo imegoma, ameikata ikalingana na ardhi na kulipwa. Ivute kwa mkono. Ikitingishika, au ikitoka, umeshapata jibu.

Waya ni mwembamba, 2.5 mm² au chini ya hapo, au umeungwa njiani kwa kupotwa na selotepu. Huo si wa kutengeneza, ni wa kubadilisha.

Piga picha kila unachokiona kabla hujagusa. Utaihitaji picha hiyo siku mwenye nyumba atakaposema "mbona kabla hujaja ilikuwa nzima".

Hatua ya 3. Tazama RCD, kisha ibonyeze

Ina kitufe cha "T". Bonyeza: ikate hapohapo. Isipokata, imekufa, na kwa nyumba ya fimbo hilo peke yake linatosha kusimamisha kazi yako hadi ibadilishwe.

Ila usidanganyike na kitufe. Kinathibitisha kwamba RCD inaweza kukata. Hakisemi lolote juu ya ethi. RCD itakata kwa kitufe hata kwenye nyumba isiyo na fimbo kabisa.

Kwenye nyumba za miaka mingi unaweza kukuta kifaa kingine kinachofanana nayo, chenye sehemu mbili za kufunga nyaya za ethi zilizoandikwa "F" na "E". Hicho ni cha mtindo wa zamani, kinahisi volti za ethi na si umeme uliovuja, na ukiunga bondingi kwenye mabomba kinaweza kupofuka kabisa. Kitoe, weka RCD.

Hatua ya 4. Zima, funga, thibitisha

Zima meni swichi, funga au bandika karatasi, weka funguo mfukoni. Jaribu kipimo chako mahali penye umeme unaoujua, pima unapotaka kufanya kazi, kisha rudi ukijaribu kipimo tena. Pima laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Tatu zote. Nyumba iliyopinduliwa laivu na nyutro breka inakata nyutro, taa inazimika, waya bado una moto.

Na lile bomba unalotaka kulishika? Lipime nalo, kabla na baada ya kuzima. Chomeka waya wako mrefu kwenye bisibisi iliyochomekwa kwenye udongo wenye unyevu mbali kidogo na nyumba, pima volti kati ya hapo na bomba. Kama kuna volti hata meni swichi ikiwa imezimwa, usiliguse. Nenda sehemu ya matatizo huko chini.

Upande wa mita na lakiri zake si wako. Ukiona hitilafu huko, ni simu kwa TANESCO.

Hatua ya 5. Pima, usikisie

Kwanza makosa mawili ya kupima, kwa sababu ndiyo yanayowapotosha wengi.

Kosa la kwanza: kuweka maltimita kati ya laivu na ethi kwenye soketi, kuona 230, na kutangaza ethi ni nzuri. Maltimita inakunywa umeme kidogo mno. Itakuonyesha 230 hata ethi ikiwa na ukinzani wa maelfu ya omu. Kipimo hicho kina faida upande mmoja tu: ukiona namba za ajabu, kama 70 au 110 zinazocheza, ujue ethi imekatika. Ukiona 230, bado hujajua kitu.

Kosa la pili: balbu ya wati 100 kati ya laivu na ethi. "Inawaka, ethi iko poa." Balbu hiyo ina ukinzani wa omu 529 hivi ikiwa imewaka. Kwenye fimbo mbovu ya omu 200 bado itawaka, imefifia kidogo, na wakati inawaka umeziweka volti zaidi ya 60 kwenye kila chuma kilichoungwa na ethi ile, likiwemo bomba la bafu ambalo mtoto anaoga. Kama ethi imekatika kabisa balbu haitawaka, lakini vyuma vyote vitapata volti karibu zote 230 kupitia hiyohiyo balbu. Acha mchezo huu.

Sasa kupima kwenyewe, umeme ukiwa umezimwa:

a) Kutoka kitako cha ethi cha DB (mahali nyaya zote za ethi zinapokutana) hadi tundu la ethi la kila soketi inayohusika na kazi yako. Gusanisha kwanza ncha za kipimo na waya wako mrefu, andika ukinzani wake, uutoe kwenye kila jibu. Waya wa 2.5 mm² una takriban omu 0.0074 kwa mita, kwa hiyo mita 20 ni kama 0.15. Ukipata omu 3 au 5, kuna kiungio kilicholegea mahali.

b) Kutoka kitako hicho hadi kwenye bomba lenyewe, kwenye chuma kilichosuguliwa, si kwenye klampu. Ukigusa klampu unapima klampu. Bondingi nzima inatoa omu 0.05 au pungufu. Mita 10 za waya wa 10 mm² ni omu 0.018 tu. Maltimita ya kawaida haioni udogo huo kwa uhakika, ila itakuonyesha kilichokatika na kilichooza, na hayo ndiyo mengi.

c) Fimbo, kwa kipimo cha ethi, ikiwa imefunguliwa kutoka kwenye waya wake na meni ikiwa imezimwa. Kwa hesabu ya RCD ya miliampea 30, omu 1,667 bado inakata kabla vyuma havijapita volti 50. Lakini ethi ya juu ya omu 200 haitegemewi: kiangazi kikifika udongo unakauka na namba inapanda. Dodoma pima mwezi wa Oktoba, usipime baada ya mvua ukafurahi.

Hatua ya 6. Amua nini kinahitaji bondingi, na kwa mpangilio gani

Kinachohitaji ni chuma kinachoweza kuingiza volti za ardhi au za mahali pengine ndani ya nyumba: bomba la chuma la maji linalotoka ardhini, bomba la gesi, nguzo za chuma za jengo. Kisichohitaji ni bomba la plastiki, koki ya chuma iliyofungwa kwenye bomba la plastiki, fremu ya dirisha, sinki la bati lenye mabomba ya plastiki. Nimeona fundi amezungushia waya wa kijani-njano kwenye bomba la plastiki la PPR, na kibao cha onyo juu yake. Safi sana kwa macho.

Ukiwa na shaka juu ya chuma fulani, tenganisha bondingi yake, zima kila kitu, pima ukinzani kati yake na kitako cha ethi. Ikizidi omu 23,000, kiache kilivyo.

Sasa lile la kukazia. Usiunge bomba kwenye ethi ambayo hujaipima, kwenye nyumba isiyo na RCD inayofanya kazi. Rudi kwenye friji yetu sebuleni, inavujisha, ethi ni mbovu, breka haikati. Volti zile zimekaa kwenye waya wa ethi wa nyumba nzima. Kabla hujaja, bomba la bafuni na koki ya bustanini vilikuwa pembeni, havihusiki. Umekuja na waya wako wa 10 mm² umeviunga. Sasa mtu anayeoga kwenye sakafu ya zege iliyolowa, au mama anayechota maji peku bustanini, amesimama kwenye ardhi yenyewe na ameshika hitilafu ya friji. Wewe ndiye uliyempelekea.

Kwa hiyo mpangilio ni huu, na hauruki: RCD kwanza, kisha fimbo na waya wake mkuu, kisha bondingi kuu ya mabomba, kisha bondingi ya bafuni kama inahitajika, kisha ndiyo kazi ndogo uliyoitiwa. Mteja akikwambia hana hela ya vyote, mpe RCD. Kwa bei yake hakuna kinachookoa zaidi, na inamlinda mtu hata ethi ikiwa dhaifu, ingawa kama ethi haipo kabisa itakata pale mtu atakapoguswa na umeme na si kabla.

Hatua ya 7. Tengeneza

Fimbo. Tumia ya shaba, au ya chuma iliyopakwa shaba ya kutosha, urefu wa mita 1.2 au 1.5, na uipige wima yote. Mwamba ukikataa, sogea, usiikate. Fimbo moja isipotosha, piga ya pili umbali usiopungua urefu wa fimbo na uziunge. Suala la chumvi na mkaa: namba itashuka, ni kweli, lakini mvua zinaondoka na chumvi na inayobaki inaitafuna fimbo. Afadhali fimbo ya pili. Weka kishimo chenye kifuniko ili klampu ionekane siku ya kukagua.

Bondingi kuu. Waya usipungue nusu ya unene wa waya mkuu wa ethi, na kamwe usiwe chini ya 6 mm². Mimi natumia 10 mm² kila mahali, tofauti ya bei ni ndogo. Unatoka kitako cha ethi cha DB moja kwa moja hadi bomba, bila kuungwa njiani. Kama unapitia mabomba mawili, usiukate kwenye la kwanza. Menya ganda upite ukiwa mzima, ili mtu akifungua klampu moja jingine lisikose ethi.

Mahali pa klampu ni pale bomba linapoingia nyumbani, upande wa ndani baada ya koki kuu, kabla halijagawanyika, na ndani ya sentimita 60 inapowezekana. Kama bomba linaingia likiwa la plastiki kisha linakuwa chuma ndani, chuma cha ndani hakiingizi ardhi. Kipime kama nilivyosema.

Sugua bomba hadi chuma king'ae. Rangi na kutu ni kihami. Kaza klampu hadi isizunguke kwa mkono, bana lagi kwa koleo lake na si kwa plaizi, rudisha kibao. Usifiche kiungio ndani ya plasta.

Bafuni. Kama saketi zote za bafu zina RCD ya miliampea 30 inayokata inavyotakiwa, na mabomba ya chuma yameshaungana na bondingi kuu, bondingi ya ziada haihitajiki. Kama moja kati ya hayo halipo, unga mabomba ya chuma na ethi ya hita na ya taa kwa waya wa 4 mm², au 2.5 mm² ukiwa ndani ya bomba la kuulinda. Hita ya shawa yenyewe iwe na waya wa ethi uliofika DB. Kuukata waya wa kijani wa hita au kuukunja nyuma ya kifuniko ni mambo ya kawaida mtaani, na ni ya kuua.

Ukilazimika kukata bomba la chuma au kufungua kiungio chake, weka kwanza waya mnene wenye klampu kuvuka pale utakapokata. Bomba likiwa limebeba umeme wa hitilafu, mara unapolitenganisha volti zinakaa kati ya ncha mbili, na mikono yako miwili ndiyo iliyoshika ncha hizo. Mafundi bomba wenzetu waambiwe hili.

Na jambo la kutofanya kamwe: kuunga nyutro na ethi ndani ya soketi ili "ethi ipatikane". Ndiyo, kipimo kitasoma vizuri. Siku nyutro ikikatika, mwili wa kila kifaa kilichochomekwa hapo unakuwa laivu, kifaa kikiwa kizima kabisa.

Hatua ya 8. Pima tena, washa, andika

Rudia vipimo vya hatua ya 5 kabla ya kuwasha. Washa, bonyeza kitufe cha RCD, pima volti za bomba dhidi ya ardhi: ziwe sifuri au karibu yake. Kisha fanya kazi uliyoitiwa.

Andika kwenye risiti ulichokuta, ulichotengeneza, na ulichoacha. Kama mwenye nyumba amekataa kutengeneza ethi, andika hivyohivyo, akusainie, mtumie picha. Mpangaji naye apewe nakala kama ndiye aliyekuita, kwa sababu anayeoga ni yeye. Na kama RCD haipo, ethi haipo, na kazi yenyewe ni hita ya shawa, usiifunge. Rudisha nauli ikibidi.

Matatizo utakayokutana nayo

*Nimeweka RCD mpya, inakata papo hapo.* Zima breka zote, iwashe. Ikikaa, washa breka moja moja hadi uipate saketi. Ikikata hata breka zote zikiwa zimezimwa, nyutro imegusa ethi mahali. Breka za nguzo moja hazikati nyutro. Zima meni, toa nyutro zote kwenye kitako chake, pima kila moja dhidi ya ethi kwa kipimo. Mara nyingi utamkuta yule "aliyepata ethi" kwenye soketi.

*Inakata mvua ikinyesha tu.* Taa za ukutani nje, soketi ya veranda, kebo ya pampu iliyofukiwa bila bomba. Anza na kebo ya pampu.

*Inakata hita ikiwashwa.* Elementi imepasuka. Tatizo ni hita, RCD imefanya kazi yake. Usikubali kuiruka.

*Testa ya bisibisi bado inawaka kwenye bomba.* Kitaa chake kinawaka kwa umeme mdogo sana, hata ule unaoambukizwa na waya uliopita jirani, na mchana wa jua kinaweza kuwaka usikione. Pima kwa testa ya ncha mbili inayovuta umeme kidogo. Volti zikiporomoka hadi sifuri, hapakuwa na kitu. Zikibaki, kuna hitilafu ya kweli.

*Namba ni nzuri leo, mbaya kesho.* Tingisha klampu na lagi huku kipimo kimeungwa. Namba ikiruka, umeipata.

*Nimezima meni swichi, bomba bado lina volti.* Kama kuna inveta au sola, zima nazo upime tena. Zisipoondoka, chanzo hakiko kwenye saketi za nyumba hiyo. Kwenye nyumba za kupanga zenye mita tatu nne na bomba moja la maji, hitilafu ya chumba cha jirani inasafiri hadi kwako. Omba kila mmoja azime meni yake kwa zamu huku wewe umeangalia kipimo, na chumba kitakachoiangusha namba ndicho cha kukagua, mara nyingi ni pampu, friji au hita. Wote wakizima na namba isishuke, angalia kama kuna mtu ameunga ethi yake na nyutro inayoingia. Umbali huo umeshakuwa wa TANESCO. Wapigie, waambie watu wasiguse koki, na maji ya jioni hiyo yachotwe kwa jirani ambaye bomba lake umelipima.